Mifupa ya watakatifu ilipatikana kwa ndoto tu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Padri wetu alisema zamani kule Konstantinopoli (Istanbul ya leo) masalia ya watakatifu yalikua yanapotea miaka mingi afu yanapatikana kwa ndoto. Ndoto tu kweli? Na walijuaje kama sio mifupa ya mtu mwingine? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Ndoto zilikuwepo, tena nyingi, hata kwa masalia ya Stefano, shahidi wa kwanza wa Ukristo, mwaka 415 padri Lucian alisema katokewa usiku mara 3. Ila mi naipenda zaidi habari ya wale mashahidi 40 wa mji wa Sebaste, wanajeshi Wakristo waliouawa kwa kuachwa uchi kwenye barafu, maana humo kuna mzee mmoja ambae watu humsahau.

Iko hivi. Shemasi wa kike wa Konstantinopoli anaitwa Eusebia alikua nayo hayo masalia, akawaapisha watawa wamzike nayo kichwani pake na wasimwambie mtu. Wakafanya hivyo. Baadae kigogo mmoja wa serikali, Caesarius, akanunua kile kiwanja, akavunja kila kitu akajenga kanisa la Thyrsus, shahidi mwingine, basi kaburi likapotelea chini huko. Miaka ikapita, ndo Thyrsus akamtokea Pulcheria, dada wa kaisari, akamwambia kuna wenzangu wamefukiwa hapa.

Sawa, lakini hapa kwa wapi? Kanisa zima lile! Wakatafuta wale watawa, wote wameshakufa kabaki mmoja, nae anajiumauma kwa sababu ya kile kiapo. Aliyeokoa jahazi ni padri mzee Polychronius, zamani alikua mtumishi kwa Caesarius, akakumbuka kwamba mke wa bosi wake alizikwa jirani na Eusebia kwa vile walikua marafiki wa kufa na kuzikana. Wakachimba hapo hapo. Kwa hiyo ndoto ilifungua faili tu, kaburi lilipatikana kwa kumbukumbu ya mtumishi.

Kujua ni yenyewe? Kwenye jiwe kulikua na katundu, mtu akapenyeza fimbo nyembamba akainusa, ikanukia manemane, na walipofungua wakakuta visanduku 2 vya fedha. Mwanahistoria Sozomen anasema kwenye sherehe ya hayo masalia alikuwepo mwenyewe. Harufu kwangu sio ushahidi wa maana, naona bora mafundi wa kaisari Justinian, wakati wanajenga upya kanisa la Mitume huko huko Konstantinopoli, walifukua majeneza 3 ya mbao yameandikwa kabisa Andrea, Luka na Timotheo.