Kinamasi Kipewe Maji Yake Kwanza

Kijana mmoja wa Urambo ameniandikia kwamba mbuga ya kijijini kwao, yaani kinamasi chao, imekauka, visima vimeshuka, na wazee wanasema ni mvua tu. Anauliza: "Mama, nyie huko kwenu mliwezaje kuirudisha yenu?"

Mwanangu, nakujibu hadharani kwa sababu najua wenye kiu hiyo ni wengi.

Mvua imebadilika, hilo halina ubishi. Huku Tabora tulizoea ianze Novemba ikatike Aprili. Sasa inachelewa, na ikija inamwagika yote kwa siku chache. Lakini mvua ya namna hiyo ndiyo inayohitaji kinamasi. Maji ya kasi yakikuta mafunjo yanatulia, yanasambaa, yananywea ardhini taratibu na kulisha visima hadi kiangazi. Yakikuta mtaro ulionyooka yanakimbilia mtoni, wiki ya pili hakuna kitu. Kwetu mitaro hiyo tuliikuta imechimbwa zamani, ili majaruba ya mpunga na bustani yapate nafasi. Huko juu nako mfereji wa kumwagilia mashamba ulikuwa unakunywa kijito chote.

Nilikuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji. Nikasema kikaoni: mbuga nayo ni mtumia maji, iingie kwenye ratiba. Mwanaume mmoja mwenye mashine kubwa ya kuvuta maji akasimama kuuliza kama vyura watalipa ada. Ukumbi mzima ulicheka. Kicheko kile sijakisahau, na hajaniomba radhi mpaka leo.

Kikao kilichofuata nilikwenda na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Inapanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, yaani maji yanayoachiwa mito na vinamasi, ndipo zifuate shughuli za uchumi. Mpunga wangu na wako uko nyuma ya kinamasi kwenye foleni hiyo. Nilisoma kwa sauti, nikarudia. Hakuna aliyecheka.

Vikao vilikuwa vingi, sitawachosha navyo. Kilichotuokoa ni lango. Kwenye mdomo wa mfereji tulijenga kuta mbili za zege zenye mfuo, mbao zinachomekwa humo moja juu ya nyingine. Za juu zinatolewa kwa zamu. Ubao wa chini kabisa umefungwa kwa nondo, hautoki. Maji ya kijito yakishuka chini ya kimo cha ubao huo, mfereji haupati hata tone, maji yote yanashuka mbugani. Usiku hakuna haja ya mlinzi wala ya kugombana na jirani. Ubao unasema wenyewe.

Mitaro ya zamani tuliiziba kwa viroba vya udongo, tukianzia juu kushuka chini, tukiacha pembeni njia ya mafuriko ili vizuizi visibomoke. Mafunjo yalirudi yenyewe. Kambare nao walirudi, na wanawake wakaacha kuchota maji ya tope mwezi Septemba. Najivunia kazi ile, na sioni aibu kusema. Baadaye wageni wa taasisi fulani walikuja, wakapiga picha, na kwenye ripoti yao hatukutajwa hata kwa mstari mmoja. Inauma.

Jamani, tuache kumsingizia Mungu. Maji ya Igombe na Ugalla yanakwenda Malagarasi, kwenye ardhioevu iliyoandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza nchini la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, hekta zaidi ya milioni 3. Watu wanaimba sifa za Malagarasi huku wanalima mpaka ukingoni mwa kijito kinachoilisha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Nani kwenu ameshika kamba akapima? Mbuga haitarudi kwa maji ya mabaki. Kinachobaki baada ya mashine zote kushiba ni mchanga.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze kwa kupanda miti, na mikaratusi ndiyo kabisa usiisogeze huko, inafyonza. Anza na lango. Waulizeni wenye mifereji kama wana kibali cha kutumia maji. Kwa upande wenu kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na kibali kinataja kiasi. Lango lijengwe kabla ya Novemba, zege likauke mvua haijafika. Ukubwa wa mdomo wa mfereji wenu niandikie, nitakwambia ubao wa chini uwe na kimo gani.