Mwambie mjomba huku nako ziwa linafungwa

Mdogo wangu,

Sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili. Kwamba pale Mwanga, Kigoma, wanasema naamka saa nne, nabonyezabonyeza kompyuta, jioni dola zinaingia zenyewe. Kwamba ukimaliza chuo nikuvute uje Seattle, na kuna wakala Dar keshakwambia viza ya kazi ni milioni sita. Na mwishoni, huku unacheka, ukanikumbusha maneno ya mjomba: "Huyo kwake ziwa halifungwi."

Hapo ndipo uliponiudhi. Habari za baridi sikuandikii, kila aliyeondoka ameshawachosha nazo. Nakujibu hilo la ziwa tu.

Unakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, watu wasivue ili samaki wazaliane. Mitumbwi imepinduliwa mwaloni Kibirizi, mjomba anashinda kwenye bao, na simu yangu haipoi: ada, mchele, injini iko rehani. Nilituma. Msichokijua ni kwamba Jumatano ya Juni 5, saa kumi na mbili asubuhi, niliwasha kompyuta ya kampuni ikaikataa nywila yangu. Nikarudia, nikijua ni usingizi. Mara ya tatu nikafungua barua pepe kwenye simu: asante kwa mchango wako, nafasi yako imeondolewa. Sikuiba, sikuchelewa. Nikampigia bosi wangu nimuulize kulikoni, kumbe na yeye anayo barua hiyohiyo.

Haya si mageni huku. Januari 2023 peke yake Google walitangaza kupunguza watu 12,000, Amazon zaidi ya 18,000. Ila mwenyeji akipunguzwa anakula akiba yake na kutafuta kwingine taratibu. Mimi viza yangu ni H-1B, ile ya kazi anayokuombea mwajiri. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, sawa, lakini kamba hii kaishika mwajiri. Akiiachia, unahesabiwa siku 60: upate kampuni nyingine ikupelekee maombi uhamiaji, au utafute hadhi nyingine ya ukaazi, au ufungashe. Jumapili zinahesabiwa, sikukuu zinahesabiwa.

Jikoni nilikuwa na kalenda ya bure ya duka la Wavietnamu ninakonunua mchele, ina picha ya samaki wekundu. Kila usiku nakata tarehe kwa kalamu. Usaili nilifanya kumi na moja. Unapewa fumbo la programu, dakika 45, na kijana uliyemzidi umri anakutazama kwenye skrini unavyoandika na kufuta. Vidole vilevile vilivyofanya kazi hiyo miaka sita vinakuwa kama vya mtu mwingine.

Siku ya 41 mjomba akaomba laki saba na nusu akomboe injini. Nikavaa shati la kola, nikampigia kwa video, nikamwambia leo kazi zimenielemea. Nikatuma, kutoka kwenye mshahara wa miezi miwili walionipa wa kuniagia. Kisha nikakaa namchukia, mzee wa watu ambaye hajui kitu. Si mimi niliyemdanganya?

Siku ya 57 kampuni moja ndogo ilipeleka karatasi zangu. Mshahara ulishuka robo, nikasema alhamdulillah. Ndiko niliko hadi leo.

Na kazi yenyewe, ukweli naipenda. Juzi nilitafuta hitilafu siku tatu, ikapona kwa mstari mmoja. Ungenitazama ungesema huyu analipwa bure. Wiki moja kila mwezi ninakuwa zamu: seva ikiyumba simu inalia saa tisa usiku, kwenu saa saba mchana mnakula ugali na migebuka, mimi nipo na bukta mbele ya kompyuta naulizwa na watu watano itachukua dakika ngapi. Wavuvi wa dagaa angalau mbalamwezi ikitoka wanalala.

Basi sikiliza. Huyo wakala usimpe hata shilingi. Anayekuombea H-1B ni mwajiri, si wewe, na waombaji wakizidi nafasi inachezeshwa bahati nasibu. Nafasi zenyewe 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mimi niliikosa mara mbili. Halafu Septemba 2025 Rais Trump akatia saini kwamba maombi mapya ya mtu aliye nje ya Marekani yaambatane na dola 100,000. Nani wa kukulipia hizo wewe kijana wa Katubuka?

Usije. Tafuta kazi Dar, Nairobi, au kampuni ya nje inayokubali ufanye ukiwa hukohuko Kigoma, ule mawese yako kwa amani.

Lakini kama ni shule, ukapata ufadhili wa kweli na viza ikapatikana, njoo. Kuna vitu nimejifunza hapa ambavyo nyumbani sikupata wa kunifundisha, na sitakuwa mchoyo nikajifanya havipo. Jifunze kusoma programu zilizoandikwa na wengine, hiyo ndiyo nusu ya kazi. Akili mnemba itumie, ila ikikuandikia kitu usichoweza kukieleza, kifute. Nitumie ulichoandika, siyo vyeti. Nitakisoma Jumamosi na nitakuwa mkali.

Ya mwezi huu nimetuma kwa mama mdogo. Ile ya boti mpya sina, na safari hii simaanishi "subiri kidogo". Sina.

Huu ujumbe usimsomee mjomba. Au msomee, ila akishamaliza kula.