Kaseti za kipindi cha wamama: zianzie wapi?

SWALI: Mwanangu, salamu kutoka Kadutu. Tangu 1996 hadi 2008 nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha wamama kwenye redio moja ya jamii hapa Bukavu. Redio ilipohama jengo, niliambiwa nibebe kaseti zangu, la sivyo zitatupwa. Ninazo 140, zimekaa ndani ya masanduku ya sabuni chini ya kitanda. Humo mna wamama wanaodai urithi wa shamba, wanaopinga vita, na wengine wanaoeleza waliyotendwa. Mjukuu wangu anasema tuzicheze, arekodi kwa simu, azigeuze MP3, kisha tuzitupe. Tatu zimeota unga mweupe. Moja inalia kama mlango wenye kutu. Na kuna zile ambazo sauti zetu zimegeuka za watoto. Nianzie wapi?

JIBU: Aksanti, Mama, kwa kuzibeba. Kaseti nyingi za miaka hiyo hazikubebwa na mtu. Nyingine zilirekodiwa juu yake, kwa sababu kaseti tupu ilikuwa ghali na muziki wa Jumamosi ulikuwa unangoja. Niliwahi kuletewa kaseti yenye karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba ni mkutano wa wamama wa soko. Nikaicheza: rumba, upande wa kwanza hadi wa pili. Pale mwisho kabisa, rumba ilipokatika, zilibaki sekunde kama kumi na tano za mama anayesema, “…na hilo hatutalikubali.” Hadi leo sijui ni jambo gani walilolikataa.

Kwa hiyo mwambie mjukuu kwamba nia yake ni njema, ila asitupe hata moja, na simu aiweke kando. Simu hurekodi kaseti pamoja na chumba kizima, pikipiki ya nje na mvua kwenye bati. Halafu programu yake huamua yenyewe kipi ni kelele na kipi ni sauti ya mtu. Mama aliyeongea kwa sauti ndogo, mbali na maikrofoni, ndiye wa kwanza kufutwa.

Nianzie wapi, umeuliza. Anza na daftari. Mashine nitaifikia.

Nimepokea kaseti nyingi za redio za Kivu, na kuna jambo linaloniumiza kila ninapofungua sanduku jipya. Mwanamume akizungumza dakika mbili, karatasi ina jina lake na cheo chake. Mama akizungumza dakika arobaini, karatasi inasema “une maman”, yaani mama mmoja tu. Hivi ndivyo harakati za wanawake zinavyobaki na sauti bila majina. Utepe ukitunzwa unaweza kudumu miaka kadhaa zaidi. Wanaoweza kusikia sauti na kusema “huyo ni fulani wa Bagira, yule aliyesimama mbele ya chifu kwa ajili ya shamba la marehemu mume wake” wanazeeka, wanahama, wanafariki. Wewe mwenyewe ndiye faharasa ya kaseti hizo, Mama. Ningependa tuiandike ukiwa bado una nguvu ya kutusahihisha.

Toa kaseti moja moja, uipe namba: K001, K002, mpaka K140. Namba iandike kwa penseli kwenye karatasi yake. Usibandike kitu chochote juu ya plastiki, maana gundi ya siku hizi huachia kwenye joto na kuingia ndani ya mashine. Mjukuu apige picha kaseti, sanduku lake na karatasi pande zote mbili, hata kama mna mkwaruzo tu. Kisha kaa, mkumbuke pamoja: nani anaongea, mlikuwa wapi, ni Kiswahili, Mashi, Kirega au Kifuliiru, nani alishika maikrofoni. Pasipo na uhakika andika “labda”. Neno hilo moja litamsaidia sana mtafiti wa kesho. Kama wenzako wa kipindi wapo, waalike. Wamama watatu wakibishana juu ya sauti moja hutoa habari kuliko kitabu.

Zisizo na tarehe zisikutishe, maana kaseti yenyewe husema umri wake. Sikiliza fedha kwanza. Wakitaja bei kwa zaire mpya, mko kati ya 1993 na 1998 hivi. Wakitaja bei za siku hiyo kwa franka ya Kongo, haiwezi kuwa ya kabla ya 30 Juni 1998. Anayesema “hapa Zaire” kama jina la nchi ya leo huenda aliongea kabla ya Mei 1997. Wanaolilia wanawake 15 waliozikwa wakiwa hai kule Mwenga, Kivu Kusini, wanaongea Novemba 1999 au baadaye. Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, lile la wanawake, amani na usalama, lilipitishwa 31 Oktoba 2000, kwa hiyo kipindi kinacholieleza ni cha baada ya hapo. Mkitaja Redio Okapi, ni baada ya Februari 2002. Wanahabari wanawake wa Kivu Kusini walianzisha chama chao, AFEM, mwaka 2003. Na kipindi kinachofafanua sheria mpya ya ubakaji, ile ya 20 Julai 2006, kinajitaja chenyewe. Ukiweka alama hizi mbili tatu kwenye kaseti moja, mara nyingi unabaki na miezi michache tu ya kuchagua.

Sasa mashine. Tafuta deki ya mezani ya kaseti, iliyotunzwa, yenye matundu ya kutolea sauti nyuma. Radiokaseti ndogo ya kubeba, hata ikiwa mpya, ina kichwa duni na mwendo usiotulia. Kabla ya kila kikao, safisha kichwa cha kusomea na vyuma vinavyogusa utepe kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya duka la dawa. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo tu, kwa maana alkoholi hukausha mpira.

Kisha kuna skrubu moja ndogo kando ya kichwa. Mafundi wengi huiruka, nami naomba msiiruke. Kila rekoda ya mwandishi ilikuwa na kichwa kilichoinama kidogo kwa namna yake. Deki yako ikiinama tofauti, sauti inatoka kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi, na wengi hudhani utepe umechakaa. Weka alama ya rangi ya kucha ilipo skrubu sasa, ili muweze kurudi. Cheza kaseti, vaa visikilizio, changanya njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja, halafu zungusha taratibu, robo ya robo. Sikiliza herufi “s”. Wamama wako wanasema “sisi” kila baada ya sentensi mbili, kwa hiyo mna kipimo kizuri kuliko kifaa. Mahali ambapo “sisi” inakuwa kali na safi kabisa, acha hapo. Nimewahi kuona mtangazaji mstaafu akishika mdomo pale sauti ya mwenzake ilipofunguka hivyo ghafla. Alikuwa ameshakubali kwamba imekufa. Kaseti iliyorekodiwa na rekoda nyingine itahitaji kurekebishwa upya. Kama karatasi haitaji Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, zima kitufe chake kwenye deki.

Kutoka deki, sauti iingie kwenye kisanduku cha kadi ya sauti cha USB, kisha kwenye kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi faili la WAV, lile lisilobana sauti, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Mkiweza 96,000, vizuri zaidi. Vilele vya sauti visivuke desibeli −6 kwenye kipimo cha programu. Upande A faili lake, upande B faili lake. Msikate ukimya wala kikohozi, na msisafishe chochote kwenye faili hili. Mtoto anayelia nyuma, mvua ya Bukavu, mama anayenong’ona “mwambie na habari ya mahari” wakati mwenzake anaongea, vyote ni sehemu ya kikao. Niliwahi kukabidhiwa rekodi za mkutano zilizosafishwa na ofisi moja hadi zikang’aa, nikauliza waliokuwepo mlikuwa wangapi, wakasema karibu mia. Kwenye faili alikuwa amebaki mtu mmoja tu, kama vile alikuwa peke yake chumbani.

Hesabu ya nafasi isiwatishe. Saa moja kwa kiwango cha 48,000 ni karibu gigabaiti 1, kwa 96,000 ni karibu 2. Kaseti zako 140, hata zote zikiwa za saa moja na nusu, hazijazi nusu ya diski ya terabaiti moja. MP3 ya kawaida ya saa hiyohiyo ni megabaiti kama 60 hivi, na ndiyo maana inapendwa. Lakini kilichoachwa nje na MP3 hakirudi tena. Mtengeneze MP3 kutoka kwenye WAV, kwa ajili ya kusikiliza na kurusha hewani, na WAV iwe ndiyo mama.

Kitakachochukua muda ni saa zenyewe, kwa sababu kaseti huchezwa kwa mwendo wake. Mbili kwa siku ni kazi ya haki. Umeme wa SNEL ukikatika katikati, anza upande huo upya, msiunganishe vipande. Mkisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta mtumie betri. Mara nyingi unatoweka palepale.

Kaseti zenye sauti za watoto si wagonjwa. Mwandishi alikwenda Walungu au Kabare na betri zilizochoka, rekoda ikazunguka polepole, na leo deki yenye mwendo sahihi inazicheza haraka. Zirekodi kama zilivyo. Kisha kwenye nakala, si kwenye WAV ya kwanza, punguza mwendo mpaka wewe mwenyewe utambue sauti yako. Andika umepunguza asilimia ngapi.

Inayolia isichezwe tena. Kilio hicho ni utepe unaosugua na kukwama, na kila dakika unaacha unga wake kwenye kichwa. Mara nyingine gamba, yaani plastiki inayofunika utepe, ndilo lililopinda, na utepe ukihamishiwa kwenye gamba jipya la skrubu hutulia. Kazi hiyo afanye mtu aliyewahi kuifanya. Mtu akikwambia uioke kwenye oveni, kataa: kuna tepu za studio za magurudumu makubwa zinazotibiwa kwa joto la kupimwa kwa saa nyingi, na oveni ya nyumbani haijui kupima.

Zenye unga mweupe ni ukungu. Ziweke kila moja kwenye bahasha ya karatasi, mbali na nyingine, mahali pakavu penye hewa. Usizifungue chumbani unakolala na usizitie kwenye deki, maana deki hiyo itaambukiza zote 137 zilizobaki. Na hizo zilizobaki zitoke chini ya kitanda. Sakafu ya saruji hutoa unyevu, na hapa kwetu mvua ni ya miezi tisa. Zisimame wima ndani ya masanduku yake kama vitabu, kwenye rafu, mbali na bati lenye joto na mbali na spika, ambazo zina sumaku.

Nimeacha jambo zito zaidi, zile za waliyotendwa. Mama aliyekubali kuongea mwaka 2003 alikubali kwenda hewani mara moja, jioni moja, katika redio inayosikika mpaka milimani. Hakuna aliyemuuliza kuhusu intaneti, ambako sauti haizimiki na ambako mjukuu wake au yule aliyemtenda anaweza kuikuta. Hata kama hakutaja jina, sauti yake inatambulika kijijini. Zigeuzeni kama nyingine, kwa uangalifu uleule, kwa sababu ushahidi huo ni mali ya historia ya nchi. Lakini ziwekwe kwenye diski ya peke yake, iliyofungwa kwa nenosiri, isiyounganishwa na mtandao, na majina yao yaandikwe kwenye daftari la pili unalolishika wewe. Anayepatikana, mtafute, umchezee sauti yake faraghani, umuulize. Wapo watakaosema ibaki imefungwa. Wapo pia watakaosema, jina langu liandikwe wazi, nimengoja muda mrefu. Huyo naye tusimfiche kwa kisingizio cha kumlinda. Asiyepatikana, ibaki imefungwa.

Nakala ziwe tatu: mbili kwenye diski tofauti, na ya tatu nje ya mji kabisa, kwa ndugu au chuo kinachoaminika. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, watu wa Goma waliondoka na kile mkono ulichoweza kushika. Diski mbili kwenye kabati moja zingekuwa sawa na moja. Mjukuu atengeneze pia alama ya MD5, yaani msimbo ambao kompyuta huukokotoa kutoka kwenye faili, kwa kila faili, aihifadhi kwenye orodha, na kila mwaka ailinganishe. Alama ikibadilika, faili limeharibika, mnalirudisha kutoka nakala nyingine. Jina la faili liwe fupi na lisilo na nafasi: K017A_2001_mashi.wav. Maelezo mengine yako daftarini.

La mwisho, vunja vile vibao viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila moja, kama bado vipo, ili rekoda isiweze kuandika juu yake. Fanya hivyo leo usiku, hata kabla ya daftari, kwa zote, inachukua dakika chache kwa ncha ya kisu. Na ile inayolia, ifunge kwenye karatasi, uandike juu yake “isichezwe”, uniletee.