Jibu: Yule mama wa miguu tu kwenye Tom na Jerry

Ndugu, umeuliza kwa nini yule mama wa katuni ya Tom na Jerry tunamwona miguu tu na kwa nini sauti yake hubadilika. Picha inachorwa usawa wa macho ya paka na panya. Huyo mama ni Mammy Two Shoes, mtumishi mweusi wa nyumbani, alianza 1940. Sauti ya asili ni ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi, na jina lake halikuandikwa kwenye katuni zile. Hilo linaniuma kuliko yote. Weusi wa Marekani waliilalamikia taswira hiyo ya mtumishi. Baada ya 1952 akatoweka. Miaka ya 1960 baadhi ya katuni zilichorwa upya akawa mzungu, kwa sauti ya mwigizaji June Foray. Miaka ya 1990 sauti ikarekodiwa tena na mwigizaji Thea Vidale. Mimi ningewaonyesha watoto ile ya kwanza, nikiwaeleza.