Muulize Fundi: Rubani Jikoni, MC Msikitini

Barua za safari hii, zote za hapa Mombasa, zina kilio kimoja: chombo cha nyumbani kimetoa sauti ambayo mwenyewe hakuiweka. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa hata jirani wa aliyeuliza. Sheikh hahitajiki katika hata moja, ingawa mbili zilikuwa zimeshapita kwake kabla ya kunifikia.

Fundi, salaam aleikum. Kila simu ikitaka kuita, wufa ya sebuleni yatangulia kulia "trrr-ti-ti, trrr-ti-ti", kisha ndiyo simu yaita. Mume wangu asema wufa imeoza. Tununue nyingine? (Mama, Bombolulu)

Waaleikum salaam, dada. Msinunue. Wufa ni nzima, na nakisia simu yenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, nayo huwekwa juu ya hiyo hiyo wufa.

Simu ikiwa kwenye 2G, mtandao ule wa zamani, haitumi mawimbi mfululizo. Inagawana masafa na simu za wenzake kwa zamu, kwa hiyo hutuma vipande vifupi vifupi, mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe yako kwenye megahazi 900 au 1800, sikio la binadamu haliyafikii. Lakini huko kuwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde ni mngurumo ambao sikio lausikia vizuri sana. Waya wa AUX, ule wa kuingizia muziki, unageuka antena; transista ya kwanza ya amplifaya (kijidude cha kukuza sauti) inayanyoa mawimbi, unabaki mngurumo. Na wufa yatangulia kwa sababu mnara unapoiita simu, simu hujibu mnara kwanza, wakati mwingine kwa nguvu ya kufikia wati 2, ndipo ikuite wewe.

Ondoeni simu, iwekeni mita moja au mbili kando. Waya wa AUX ukiwa mrefu tafuteni mfupi.

Fundi, mimi nakaa Magongo. Redio yangu ya kuzungusha, nikikaribia 100 kwenye FM, nasikia mtu akisoma namba kwa Kiingereza, ataja Mombasa, kisha kimya. Mpwa wangu asema hii ni redio ya kijasusi. Jirani naye asema hata wufa yake husema hivyo mara moja moja, nayo haina redio ndani. (Mzee, Magongo)

Shikamoo mzee. Mwambie mpwa atulie. Wewe wakaa ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Moi, na unaowasikia ni marubani na mnara wao.

Redio yako ya FM haisikilizi stesheni moja kwa moja. Ndani yake ina mtambo mdogo unaotoa mawimbi yake yenyewe, yaliyo juu ya stesheni unayoitaka kwa megahazi 10.7, halafu redio inashughulika na ile tofauti tu. Ukiiweka 98, mtambo wa ndani uko 108.7. Sasa piga hesabu upande wa pili: kitu chochote kilichoko 119.4 nacho kiko mbali na 108.7 kwa 10.7 ile ile. Redio nzuri ina kichujio cha kukizuia hicho cha pili mlangoni. Redio ya bei rahisi kichujio chake ni jina tu. Na mazungumzo ya ndege yako wapi? Kuanzia 118 mpaka 137. Ndiyo maana ukizungusha kati ya 97 na 108, ndege inaingia kwa mlango wa nyuma. Huo mtambo wa ndani, kwa njia, huvuja kidogo nje, na kati ya 108 na 118 ndiko viliko vyombo vya kuongozea ndege. Abiria walikatazwa kuwasha redio za FM angani kwa sababu hiyo, si kwa ukali wa wahudumu.

Wufa ya jirani ni habari nyingine, nayo ndiyo nzuri zaidi. Ndege bado hutumia AM, yaani nguvu ya mawimbi hupanda na kushuka kufuata sauti ya msemaji. Mawimbi ya namna hiyo hayahitaji redio ili yageuke sauti. Yatosha kuwe na kitu kinachopitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine, na kila transista ina kiungo cha aina hiyo ndani yake. Waya wa spika ukiwa mrefu wa kutosha, na ndege ikiwa juu ya paa, wufa tayari ni redio. Stesheni za FM hazifanyi hivyo kirahisi, maana nguvu yao haipandi wala kushuka; yanayocheza ni masafa.

Dawa kwako wewe: ifupishe antena, usiivute yote. Dawa kwa jirani: chomoa waya mmoja mmoja mpaka sauti ife. Waya ulioiua ndio wenye kosa. Uviringishe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ile kizibo nyeusi unayoiona kwenye nyaya za kompyuta. Isipotosha, fundi ataweka kapasita ndogo, pikofaradi 100 hivi, pale sauti inapoingilia.

Fundi, usiku wa darsa, sheikh akieleza mambo ya kaburi, spika za msikiti zikatoka na: "Upande wa bibi harusi, vigelegele!" Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje. Kamati yamlaumu muadhini kuwa amechezea mashine. (Mwanakamati, Majengo)

Muombeni radhi muadhini. Mna maikrofoni isiyo na waya, na ukumbi wa karibu nao una yake, tena huenda zimetoka katoni moja. Seti nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani na masafa yaliyokwisha fungwa. Ukinunua mbili za namba moja, umenunua mapacha.

Maikrofoni hizo ni FM, na tabia ya FM ni ya kibabe: kipokezi hushika mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyafuta kabisa yale dhaifu, hayachanganyiki. Kwa hiyo sheikh akiwa karibu na kipokezi, MC hasikiki hata chembe. Sheikh akizima maikrofoni anywe maji, au betri ikichoka, kiti kimebaki wazi na MC anakikalia. Nanyi jiulizeni kilichotokea upande wa pili, maana njia hii huenda na kurudi: pengine keki ilikatwa huku adhabu za kaburi zikielezwa.

Angalieni namba iliyobandikwa nyuma ya kipokezi. Seti yenye uwezo wa kubadili masafa, badilini. Isiyo na uwezo huo, shusheni kipokezi kutoka juu ya kabati mkiweke karibu na mimbari, na kama kina skrubu ya kukatia kelele, ikazeni kidogo. Lakini kwa darsa ya kila wiki, mimi ningenunua maikrofoni ya waya nikalala. Mkinunua isiyo na waya, ulizeni dukani kama masafa yake yanaruhusiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwani sehemu kubwa ya masafa hayo ndiko zinakopita televisheni za dijitali.

Kengele ya mlango yalia saa nane usiku, nikifungua hamna mtu. Na feni ya chumbani yabadili mwendo yenyewe. Mke wangu amehamia kwa mamake. (Tudor)

Kamrudishe, kaka. Kengele zisizo na waya na rimoti nyingi za feni (si za mwanga kama ya televisheni, ambazo hazipenyi ukuta) hutumia megahazi 433.92, wote kwa pamoja: kengele, mageti, ving'ora, funguo za magari. Kinachowatenganisha ni kodi tu, yaani namba ya siri ya kila chombo. Fundi wa jengo amefunga feni zote za aina moja bila kubadili kodi, basi wa ghorofa ya juu akiona joto, nawe wapata upepo. Fungua rimoti mahali pa betri: utaona vijiswichi vinne vidogo. Badilisha kimoja au viwili, kisha ufanye vile vile kwenye kipokezi kilicho juu ya feni, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu. Kengele huwa na kitufe cha kuifundisha upya. Nayo ikilia saa nane, ujue kuna jirani arudiye nyumbani saa nane.

Kila tuktuk ikisimama nje ya duka langu redio yaacha habari na kupiga muziki wake. (Likoni)

Dereva ana kile kidude cha kuchomeka penye kiberiti cha gari, kinachotuma muziki wa simu kwenye redio yake kwa FM. Amekichagulia masafa ya stesheni yako, na yeye yuko hatua tatu tu kutoka kwenye meza yako, kwa hiyo amshinda mtangazaji kwa ule ubabe niliomweleza mwanakamati wa Majengo. Mwambie asogee namba mbili juu.

Kuna siku za joto napata stesheni za Pemba na Tanga safi kabisa, kesho yake hazipo. Redio ina nini? (Shanzu)

Haina kitu. Hewa kavu yenye joto ikilala juu ya hewa yenye unyevu iliyoigusa bahari, mawimbi ya FM yanapindwa kati ya tabaka hizo badala ya kupotelea angani. Tanga ni kama kilomita 130 kutoka hapa, tena pwani kwa pwani. Furahia, kesho haina ahadi.

Nyanya yangu asema zamani watu walisikia redio kwenye jino lililozibwa, na mabati yaliimba. Atutania? (Kuze, Mji wa Kale)

La jino, mwigizaji Lucille Ball wa Marekani alijisimulia hivyo, lakini halijathibitishwa, na mimi siliamini.

La mabati naliamini. Mwaka 1934 stesheni ya WLW ya Cincinnati, Marekani, ilianza kurusha AM kwa wati 500,000, na majirani wa mtambo wakasimulia michirizi ya paa na spring za vitanda zikisema. Askari waliokwama Anzio, Italia, mwaka 1944 walitengeneza redio kwa wembe, ncha ya penseli na pini, bila betri; ule utando wa kutu juu ya wembe ndio uliofanya kazi ya dayodi, kile kitu cha kupitisha umeme upande mmoja. Na kwa kutu, nani atushinde sisi, na upepo huu wa chumvi?

Lakini Kuze hakuna mtambo wa nguvu hizo. Kutu yetu hufanya ubaya mwingine: kwenye viungo vya antena juu ya paa inachanganya stesheni mbili zenye nguvu na kuzaa ya tatu ambayo haipo popote. Kata ncha ya waya iliyokula kutu, menya upya, funga kiungo kipya na ukizibe maji yasiingie.

Nikiwasha taa mpya ya LED, FM yachafuka na king'amuzi chakata picha. (Mikindani)

Ndani ya taa kuna kisambaza umeme kidogo kinachokata na kuunga maelfu ya mara kwa sekunde, na mtengenezaji amebana senti za kichujio. Kuhakikisha, chukua redio ya betri, iweke penye mvumo, kisha zima swichi kuu. Mvumo ukifa, mwizi yu ndani. Rudisha vyumba kimoja kimoja mpaka umkamate, na usishangae akiwa ni chaja ya simu. Ikiwa ni taa kweli, usiitupe. Ipeleke chooni, mbali na antena, na ile ya chooni ije sebuleni.