Mbu hajui kama we ni mfalme: kujikinga na wadudu kwenye geimu za kuigiza porini

Watu wakiniuliza kuhusu larp, yani hizi geimu za nje ambazo kila mtu ana mhusika wake na mnalala kambini mpaka iishe, wanauliza mapanga na mavazi, wadudu hamna anayeuliza, alafu ndo kitu cha kwanza wanacholalamikia wakirudi. Na ushauri wa kambi za kawaida haufui dafu sana huku, sababu mtu wa kambi ya kawaida akisikia mbu sikioni anatoa dawa anajipulizia, kamaliza. We uko mbele ya malkia unashtakiwa uhaini, au umelala kifudifudi kwenye majani unavizia msafara wa maadui, hiyo chupa ya plastiki utaitoaje? Kwa hiyo kinga yote iwe tayari kabla hujaingia kwenye uhusika, na iwe imejificha ndani ya vazi.

Tuanze na vazi basi. Taitsi na vitambaa vyembamba vya kubana vinapendeza ila mbu anavitoboa bila shida, na rangi nyeusi inawavuta zaidi, poleni wachawi wote. Chukua kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, kipwaye kidogo, mikono mirefu. Kitu ninachokipenda mi ni zile bendeji ndefu za kuzungushia miguu kuanzia kifundoni mpaka chini ya goti, zinakufanya uonekane mtu wa zamani kweli na hapohapo zinaziba ule uwazi kati ya kiatu na suruali. Kupe haruki wala hadondoki kutoka juu ya mti, anakaa kwenye ncha ya jani miguu ya mbele kainyoosha anasubiri mguu upite, sasa mguu ukipita umefungwa vizuri inabidi apande juu ya nguo ambapo unaweza kumuona.

Nguo hizo unaweza kuzipulizia permethrini, dawa ya kuua wadudu, siku kadhaa kabla, ile ya asilimia 0.5 ya nguo, inaendelea kufanya kazi hata ukifua mara kadhaa na haionekani wala kunuka ikishakauka. Ipulizie nje kwenye hewa, iache ikauke kabisa ndo uvae, usipake kwenye ngozi, na kama una paka nyumbani asisogee kabla haijakauka maana kwake ni sumu mbaya.

Dawa ya kufukuza wadudu ya kupaka kwenye ngozi sasa. Hapa ndo gia za watu zinapoharibika. DEET inafanya kazi, asilimia 20 mpaka 30 inatosha kwa mtu mzima, ila inayeyusha plastiki, rangi na vanishi, na sisi gia zetu ni hizohizo tupu! Kuna jamaa alijipaka viganja vikiwa bado vimelowa akashika upanga wake wa sponji uliopakwa rangi mpya, vidole vyake vyote vinne vikabaki pale kama muhuri, rangi imelainika inanata, na fremu ya miwani nayo ikapata ukungu. Mi natumia dawa nyingine inaitwa ikaridini, ya asilimia 20, inakinga vizuri tu na haigusi plastiki. Kama we ni wa DEET, paka kwa mgongo wa mkono au nawa viganja kabla hujashika kitu. Mafuta ya jua yanatangulia, dawa ya wadudu inafuata. Masikio ya bandia bandika kwanza kwenye ngozi kavu, maana gundi haishiki kwenye mafuta, alafu dawa izunguke pembeni, nyuma ya shingo, na vifundo vya mikono, hapo ndo watu wengi wanasahau. Bangili za kufukuza mbu, vidude vya kutoa mlio, kula vitunguu saumu, achana navyo.

Hema liweke mahali penye upepo na mbali na maji yaliyotuama, usubi hawawezi kuruka kukiwa na upepo. Na hao usubi wanapita kwenye matundu ya chandarua cha kawaida, tafuta chenye matundu madogo zaidi.

Ukishaumwa, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi dakika kama kumi, alafu krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 au kidonge cha aleji kisicholeta usingizi sana kama setirizini. Tatizo kubwa la kambini ni kucha, umeshika udongo na kuni siku nzima alafu usiku unajikuna ukiwa usingizini, kesho yake kipele kina usaha. Zikate fupi kabla ya kusafiri. Wekundu ukianza kutanuka chora mstari kwa kalamu pembezoni mwake, ukivuka mstari au ukapata homa toka kwenye geimu nenda hospitali.

Sasa hili naomba mnisikilize. Mwenye aleji ya nyuki au nyigu akichomwa, akavimba midomo, akakosa pumzi, akaanguka, huku kwetu wenzake wanaweza kudhani anaigiza amepewa sumu, tena wakampigia makofi. Kama ni wewe waambie marefa na wa huduma ya kwanza kabla geimu haijaanza, sindano ya adrenalini ikae kiunoni mwako ndani ya kipochi cha ngozi, isibaki hemani. Na yeyote anayeona hali hiyo atamke kwa sauti lile neno mlilokubaliana la kusimamisha mchezo, sindano ichomwe upande wa nje wa paja, msaada wa dharura uitwe hata kama anaonekana amepata nafuu.

Usiku kabla ya kulala jikague kupe, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimkuta mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvute wima taratibu bila kumsokota. Usimpake mafuta, usimchome na kiberiti. Bakteria wa Lyme, ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwa kawaida wanahitaji zaidi ya saa 24 kupe akiwa ameng'ata ndo waingie, kwa hiyo ukaguzi wa kila usiku una faida kweli. Andika tarehe, maana lile doa jekundu la Lyme linalotanuka linaweza kutokea siku 3 mpaka 30 baadaye, muda ambao we umeshasahau kama uliwahi kulala kwenye majani, na daktari hawezi kukisia kama hujamwambia.