Je, kuhesabu pesa za duka kunaondoa baraka?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nina duka dogo la vyakula mtaani kwetu hapa Tanga, nauza mchele, sukari, unga na mafuta ya kupima. Wateja ninao, alhamdulillah, ila kila nikitaka kwenda kununua mzigo nakuta pesa haitoshi na sijui imekwenda wapi. Bibi yangu alinilea na neno kwamba pesa ya biashara haihesabiwi-hesabiwi, baraka hutoka, kwa hiyo sina daftari. Majirani wanakopa, naona haya kuandika mbele yao. Mimi na mume wangu tukiwa na shida tunachukua kwenye droo. Sasa shoga yangu ananishawishi nichukue mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba, nikuze mtaji. Na zakati je, inanihusu na duka lenyewe ndilo hili?

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nitaanza na neno la bibi, maana mengine yote uliyouliza yameshikana nalo.

Bibi hakulizua. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipofariki, nyumbani kwake kulikuwa na shayiri kidogo tu. Akawa anaila, siku zikapita nyingi, haishi. Kisha akaipima, ikaisha. Na Asmaa binti Abubakar aliambiwa na Mtume: “Toa, wala usihesabu, Allah naye asije akakuhesabia.” Watu wamezisikia hadithi hizi kwenye darsa, wakazibeba mpaka dukani.

Lakini Bukhari huyo huyo, katika kitabu cha biashara, amepokea kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib kwamba Mtume amesema: “Pimeni chakula chenu, mtabarikiwa.” Wanazuoni wamezioanisha hadithi hizi. Shayiri ya Bibi Aisha ilikuwa riziki ya nyumbani, inaliwa kwa kumtegemea Mola, na kuipima kulikuwa kuchungulia imebaki kiasi gani. Asmaa alikuwa anafundishwa kutoa sadaka bila ubahili. Ama panapouzwa na kununuliwa pana haki za watu, na hapo kupima na kuhesabu ndiko kulikoamrishwa. Duka lako liko upande huu. Basi hesabu, dada yangu, na moyo wako utulie. Bibi mwombee rehema. Alikusudia kukulea usiwe mchoyo, na hilo libaki nalo unapotoa sadaka.

Kuhusu madeni, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya kuandika deni. Humo Allah anasema tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Wanazuoni wengi wanasema amri hiyo ni ya sunna, si ya faradhi, lakini ni sunna iliyotajwa kwa urefu ambao hakuna aya nyingine iliyoufikia. Na aya yenyewe imekuonea huruma: biashara ya taslimu, ya kupeana mkono kwa mkono, si vibaya msipoiandika. Kwa hiyo huhitaji kuandika kila robo ya sukari iliyolipiwa. Jioni hesabu droo na pesa iliyoingia kwenye simu, andika jumla ya mauzo ya siku, inatosha. Kilichokopwa ndicho kiandikwe kimoja kimoja.

Haya unayoiona, nafikiri inatoka kwenye dhana kwamba kuandika ni kumshuku mtu. Jirani akimtuma mtoto nusu kilo ya sukari, “mama kasema atalipa jioni,” andika pale pale jina la mama, nusu kilo, bei na tarehe, kisha mtumie mama meseji: nimempa mtoto sukari, shilingi kadhaa, nimeandika. Hapo umemlinda na yeye pia, kwa sababu ukifa leo warithi wako hawatamdai asichokopa, wala yeye hatakwenda kaburini na deni alilolisahau. Akishindwa kulipa kweli, Al-Baqara 280 inakuamrisha umpe muda mpaka afarijike, na ukimwachia kabisa ni bora zaidi kwako. Lakini utamsamehe nini kama hujui anadaiwa kiasi gani? Deni lililosahaulika si sadaka, ni mtaji uliopotea.

Sasa droo. Hapa ndipo naona pesa yako inapokwenda, na naomba unisikilize kwa makini. Abubakar Siddiq (r.a.) alikuwa mfanyabiashara. Aliposhika ukhalifa, kazi ya Waislamu ikamzuia kwenda sokoni, na familia yake ikawa inakula kutoka Baitul-Mali, hazina ya Waislamu. Imepokewa kwamba masahaba walimwekea posho maalumu, akawa anaishi kwa hiyo. Yako ni mali yako na ile ilikuwa ya umma, kwa hiyo simaanishi kwamba ukichukua unaiba. Ninachokipenda hapo ni mpango wake: kinachoruhusiwa kuliwa kinajulikana kabla hakijaliwa. Jiwekee posho ya wiki kutokana na faida, iandike kama unavyoandika deni la jirani, na ikiisha, droo ifungwe. Al-Israa 29 inatukataza kuufunga mkono shingoni na kuukunjua wote, tukabaki tumefilisika. Kina mama wengi wa maduka wanaufunga mkono kwao wenyewe na kuukunjua kwa kila anayepita, kisha wanashangaa mtaji umeliwa.

Na mumeo aambiwe kwa upole: An-Nisaa 32 inasema wanawake wana fungu katika walichochuma. Duka ni mali yako, na matumizi ya nyumba ni juu yake. Ukimpa kwa ridhaa yako, Mtume alimwambia Zainab, mke wa Ibn Masuud, kwamba sadaka ya namna hiyo ina ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Kuchukua bila kuuliza ni jambo jingine, hata kama ni nauli.

Mkopo wa kausha damu usiuchukue. Ni riba iliyo wazi, na Al-Baqara 275 imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Tena kwa hali yako ya sasa, mtaji mpya utapita njia ile ile uliyopita wa kwanza, huku marejesho yanakusubiri mlangoni. Andika miezi mitatu kwanza. Ukiona bado unahitaji nyongeza, tafuta ndugu au jirani atie pesa mgawane faida kwa mafungu mliyokubaliana, ndiyo mudharaba, au ucheze mchezo wa kuchanga na kupokezana pesa na kina mama unaowaamini, kila mmoja akipokea kile kile alichochanga.

Zakati inakuhusu ikiwa mali yako ya biashara imefika nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali ya kutolewa zakati, mwaka wa Hijria unapotimia. Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, na wapo wanazuoni wanaotazama gramu 595 za fedha. Mwulize sonara bei ya siku hiyo. Thaminisha bidhaa kwa bei ya soko ya leo, si uliyonunulia. Rafu, friji na mizani havihesabiwi. Tuseme bidhaa ni shilingi 4,000,000, pesa taslimu na ya kwenye simu 800,000, na madeni ya watu wenye uwezo wa kulipa 400,000. Jumla ni 5,200,000. Ikiwa imefika nisabu, zakati yake ni asilimia 2.5, yaani 130,000. Madeni ya watu usio na uhakika nao yasubiri mpaka yalipwe. Na kama unadaiwa na muuza jumla, fuata alivyokuwa akiwahimiza watu Khalifa Uthman (r.a.) katika mwezi wa zakati: mwenye deni alilipe kwanza, kisha atoe zakati ya kilichobaki. Chagua tarehe, kama 1 Ramadhani, uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako jipya.

Wallahu aalam.